Jaji Mkuu anayesubiri: kisa cha kiti kimoja, 2017 hadi 2025

Tarehe 17 Januari 2017, Rais John Magufuli alimteua Profesa Ibrahim Hamis Juma, Jaji wa Mahakama ya Rufani, kuwa Kaimu Jaji Mkuu wa Tanzania. Alishika nafasi ya Mohamed Chande Othman, aliyestaafu. Uteuzi kamili ulitoka tarehe 10 Septemba mwaka huohuo. Kwa karibu miezi minane mhimili wa Mahakama uliongozwa na mtu ambaye kubaki kwake kulitegemea uamuzi wa mkuu wa mhimili mwingine, na uamuzi huo haukupangiwa tarehe.

Mwaka 2023 kiti hichohicho kikaingia tena katika hali ya namna hiyo. Juni 15 mwaka ule Jaji Mkuu Juma alitimiza miaka 65, umri wa kustaafu kwa Majaji wa Rufani kwa mujibu wa Katiba. Hakustaafu. Rais Samia Suluhu Hassan alimwongezea muda, akaendelea hadi Juni 2025, alipoteuliwa George Mcheche Masaju.

Nafanya kazi ya uwakili hapa Dodoma, na kisa hiki kimenikaa moyoni kwa sababu kina jambo ambalo mijadala yetu hulipita. Tukizungumzia siasa kuingia mahakamani, sisi mawakili na hata wadaawa wanaosubiri kuitwa kwenye mabenchi ya nje, huzungumzia simu. Jaji kapigiwa simu. Maelekezo yametoka juu. Mwenye kupiga simu haachi ushahidi, kwa hiyo mazungumzo huishia kwenye minong'ono na kila mtu hurudi nyumbani na imani aliyokuja nayo. Muda wa kusubiri hauhitaji minong'ono. Una tarehe ya kuanza na tarehe ya kuisha, zote zimetangazwa na Ikulu, na kila mwananchi anaweza kuzihesabu.

Msimamo wangu ni kwamba uhuru wa jaji huumizwa zaidi na kusubiri kuliko na uteuzi wenyewe. Jaji aliyekwisha kuteuliwa, ambaye miaka yake ya kazi haiwezi kuguswa ovyo, anaweza kumuudhi aliyemteua na kesho yake akaenda kazini kama kawaida. Anayesubiri kuthibitishwa au kuongezewa muda anaweza kuwa na ujasiri uleule, lakini Katiba imemwacha autoe mfukoni mwake mwenyewe.

Katiba inavyompa Rais kiti hiki

Ibara ya 107A inasema mamlaka ya utoaji haki ni ya Mahakama, na ya 107B inaongeza kwamba mahakama zote zitakuwa huru na zitalazimika kuzingatia Katiba na sheria za nchi tu. Kisha inakuja namna ya kuwapata majaji. Jaji wa Mahakama Kuu huteuliwa na Rais baada ya kushauriana na Tume ya Utumishi wa Mahakama. Jaji wa Rufani huteuliwa na Rais baada ya kushauriana na Jaji Mkuu. Jaji Mkuu huteuliwa na Rais, na hapo Katiba haimtaji mtu yeyote wa kushauriwa.

Hata pale penye ushauri, ibara ya 37 inamwacha Rais huru kutoufuata, isipokuwa Katiba au sheria imemtaka aufuate. Na Tume yenyewe ni nani? Jaji Mkuu ni mwenyekiti. Wengine ni Mwanasheria Mkuu wa Serikali, Jaji mmoja wa Rufani, Jaji Kiongozi (mkuu wa Mahakama Kuu) na wajumbe wawili wanaoteuliwa na Rais. Ukiwapitia mmojammoja, wote sita wamefika mezani kwa kalamu ya mtu yuleyule. Mmoja wao, Mwanasheria Mkuu, ndiye mshauri wa Serikali kwa mambo ya sheria, na ofisi anayotoka huonekana mbele ya majaji hao karibu kila siku ikiwa upande mmoja wa kesi.

Kuhusu kukaimu, ibara ya 118 inasema kiti cha Jaji Mkuu kikiwa wazi, Rais akiona inafaa anaweza kumteua Kaimu kutoka miongoni mwa Majaji wa Rufani, naye atafanya kazi hiyo hadi Jaji Mkuu mwingine ateuliwe. Hakuna siku 30, hakuna miezi mitatu, hakuna ukomo wowote.

Dodoma ni mji wa watumishi. Ukikaa kwenye daladala ya kwenda Mtumba, kwenye ofisi za wizara, asubuhi utasikia habari za fulani anakaimu, fulani kathibitishwa, fulani kaachwa. Watumishi hawa wanajua kwamba Kanuni za Kudumu za Utumishi wa Umma za mwaka 2009 zinataka kukaimu kusizidi miezi sita. Kanuni hiyo inajua udhaifu wa binadamu: mtu akikaimu muda mrefu, ofisi inapooza au yeye anaanza kumtumikia anayeweza kumthibitisha. Kaimu mkurugenzi wa idara, basi, amewekewa ukomo ambao Kaimu mkuu wa mhimili hakuwekewa. Mwaka 2017 ukomo huo wa miezi sita ulipitwa, na hakuna sheria iliyovunjwa.

Na hapakuwa na dharura. Jaji Mkuu hastaafu kwa kushtukiza. Siku anayoapa, umri wake uko kwenye kumbukumbu za utumishi, na mwaka wa 65 unajulikana na kila mtu. Mamlaka ya uteuzi ilikuwa na nafasi ya kutosha kumwandaa mrithi wa Chande Othman kabla kiti hakijawa wazi.

Kinachotokea ndani ya miezi minane

Watu wengi humwona Jaji Mkuu kwenye picha tu, kavaa joho jekundu Siku ya Sheria. Kazi yake halisi ni pana. Ndiye anayeamua majopo ya Mahakama ya Rufani yakae vipi, majaji gani watatu wasikilize rufaa ipi, na lini shauri zito lipewe jopo kubwa zaidi. Ndiye mwenyekiti wa Tume inayoajiri, kupandisha na kuwaadhibu mahakimu, wale wanaokutana na mwananchi wa Kongwa, Manyoni au Kondoa kabla ya jaji yeyote. Na ndiye anayeshauriana na Rais kuhusu nani apande kwenda Mahakama ya Rufani.

Mweke sasa mtu huyo kwenye kukaimu. Anaitwa kutoa ushauri juu ya kupanda kwa wenzake, na faili lake mwenyewe liko juu ya meza hiyohiyo likisubiri saini ya huyohuyo anayemshauri. Akimkatalia Rais jina moja, anakataa akiwa mwombaji. Sidhani kuna mtu mzima anayehitaji kuelezwa uzito wa jambo hilo.

Februari 2, 2017, wiki mbili tu baada ya kuanza kukaimu, Profesa Juma alisimama kwenye Siku ya Sheria jijini Dar es Salaam, Rais Magufuli akiwa mgeni rasmi. Miaka ya baadaye maadhimisho hayo tumekuja kuyaona hapa kwetu Dodoma, viwanja vya Chinangali. Ni siku ambayo mkuu wa Mahakama anamweleza mkuu wa nchi, ana kwa ana na mbele ya umma, kwamba majaji hawatoshi, kwamba fedha zimechelewa, kwamba wakuu wa mikoa na wilaya wanaweka watu ndani bila kufuata sheria. Hotuba hiyo inahitaji mtu ambaye akishuka jukwaani bado ana kazi yake.

Kuna upande mwingine wa kusubiri ambao huzungumzwa kidogo mno, nao ndio unaonisumbua zaidi. Kaimu hutoka miongoni mwa Majaji wa Rufani, na Jaji Mkuu kamili angeweza kutoka humohumo. Kiti kikiwa wazi bila tarehe, anayesubiri si Kaimu peke yake. Kila Jaji wa Rufani mwenye umri na sifa anakuwa mtu anayeweza kufikiriwa, na kila hukumu anayoandika miezi hiyo inaweza kusomwa, na yeye mwenyewe au na wengine, kama barua ya maombi. Wengi wao hawakutaka kiti hicho na hawakukiwaza. Lakini mwananchi aliyeshindwa rufaa dhidi ya Serikali kipindi hicho ana haki ya kujiuliza, na Mahakama haina jibu la kumpa isipokuwa kumwomba awaamini.

Hakimu mmoja mstaafu, mzee ninayemheshimu sana, aliwahi kukaimu uongozi wa mahakama ya wilaya. Nilipomuuliza kilikuwa kipindi cha namna gani, alinijibu: "Mdogo wangu, hakuna aliyenipigia simu hata siku moja. Nilikuwa najikuta mwenyewe nachelewesha mashauri fulani, nasema acha kwanza nithibitishwe." Mzee huyu hakupindisha hukumu hata moja. Aliahirisha. Na mahabusu ambaye shauri lake limeahirishwa anaendelea kulala rumande.

Hoja za wanaonipinga, na nguvu zake

Wenzangu wawili watatu wananiambia nakuza jambo. Wanasema nioneshe hukumu iliyopindishwa 2017. Ni hoja ya haki na lazima ijibiwe kwa ukweli: rekodi ya miezi ile haimwoneshi Kaimu Jaji Mkuu akipokea amri kwa mtu. Kuna hata mfano wa kinyume. Godbless Lema, aliyekuwa Mbunge wa Arusha Mjini, alikamatwa hapa Dodoma Novemba 2016 na kusafirishwa Arusha, akakaa mahabusu miezi minne huku upande wa mashtaka ukipinga dhamana yake kwa pingamizi juu ya pingamizi. Suala hilo lilifika Mahakama ya Rufani Februari 2017, Kaimu akiwa madarakani, na majaji hawakuubeba upande wa mashtaka. Mapema Machi Lema alitoka kwa dhamana. Majaji waliofanya hivyo wanastahili heshima yetu.

Wananikumbusha pia historia ya mahakama yetu hapa. Mwaka 1994, Mahakama Kuu ikiketi Dodoma, Jaji Kahwa Lugakingira aliamua shauri la Mchungaji Christopher Mtikila: mgombea binafsi aruhusiwe, na mikutano ya siasa isihitaji kibali cha polisi. Mwaka huohuo, Dodoma hiihii, Jaji James Mwalusanya alitamka kwamba adhabu ya kifo inakiuka Katiba. Majaji hawa wawili waliingia Mahakama Kuu enzi za chama kimoja, wakiteuliwa na Rais, bila usaili wa hadharani wala kuthibitishwa na Bunge. Serikali ilichukizwa: Bunge likapitisha marekebisho ya 11 ya Katiba kumfungia mlango mgombea binafsi, na mwaka 1995 Mahakama ya Rufani, ingawa ilikubali kwamba kunyonga ni kitendo cha kikatili na cha kudhalilisha, ikasema Katiba inakiruhusu. Lakini majaji wale waliendelea na kazi, na Lugakingira baadaye akapanda kuwa Jaji wa Rufani.

Mimi naisoma mifano ya Dodoma kwa namna nyingine. Lugakingira na Mwalusanya walikuwa majaji kamili. Kumwondoa Jaji wa Mahakama Kuu kazini kunahitaji tume maalumu yenye majaji ndani yake, ichunguze na ipendekeze, na sababu za kumwondoa zimetajwa. Rais aliyewateua, au aliyemfuata, hakuwa na kitu cha kuwanyima kesho asubuhi. Hicho ndicho kilichokosekana kwenye kiti cha Jaji Mkuu kwa miezi minane. Kusema kwamba majaji wetu wamewahi kuwa jasiri ni kweli, lakini si sababu ya kuwaondolea ulinzi na kusubiri tuone kama ujasiri utabaki.

Nyongeza ya 2023

Kuongeza muda kumewekewa msingi katika Katiba. Ibara ya 120 inamruhusu Rais, akiona ni kwa faida ya umma, kumwelekeza Jaji wa Rufani aliyefikisha miaka 65 aendelee kwa muda atakaoutaja Rais, mradi jaji mwenyewe amekubali kwa maandishi. Kwa majaji wa kawaida naielewa. Rufaa zimejaa, jaji mwenye uzoefu hapatikani kwa mwaka mmoja.

Ubishi ni kama ruhusa hiyo inamfikia Jaji Mkuu. Wanaosema ndiyo wanatoa hoja kwamba Jaji Mkuu naye ni Jaji wa Rufani. Wanaosema hapana wanaelekeza kwenye ibara ya 118, inayosema atashika madaraka hayo hadi umri wa kustaafu. Kwamba anaweza kuendelea kuandika hukumu kama Jaji wa Rufani, lakini uongozi wa mhimili unaishia pale. Mimi niko na hao wa pili. Anayeongezewa muda wa kusikiliza rufaa anapunguza mlundikano wa mashauri. Anayeongezewa muda wa kuongoza mhimili, kwa hiari ya mkuu wa mhimili mwingine na kwa kipindi ambacho Katiba haikukipima, amerudishwa mahali alipokuwa Januari 2017. Aprili 2025, Tundu Lissu, mtoto wa Ikungi mkoani Singida, aliposhtakiwa kwa uhaini, Mahakama yote ilikuwa chini ya Jaji Mkuu aliye kwenye muda wa nyongeza. Simtuhumu mtu. Nasema kesi ya uzito ule ilistahili kumkuta Jaji Mkuu ambaye hana deni la shukrani kwa yeyote.

Lissu mwenyewe, akiwa Mbunge wa Singida Mashariki, alilisema jambo hili bungeni hapa Dodoma Julai 2012. Alidai kwamba baadhi ya majaji waliteuliwa bila uwezo unaotakiwa na kwamba wengine waliendelea na kazi kwa mikataba baada ya umri wa kustaafu. Mjadala ukageuka kuwa juu ya lugha yake na kama amewadhalilisha majaji. Swali la mikataba likazama, na miaka 11 baadaye likaibukia kwenye kiti cha juu kabisa.

Juu ya mrithi nitasema kwa ufupi. Jaji Mkuu Masaju alikuwa Mwanasheria Mkuu wa Serikali kuanzia 2015 hadi 2018, ndipo akawa jaji. Hakuna kosa hapo; utumishi wa sheria serikalini ni moja ya njia halali za kufikia ujaji. Lakini njia hiyo imekuwa fupi mno. Mei 2021 aliyekuwa Mkurugenzi wa Mashtaka, Biswalo Mganga, aliteuliwa moja kwa moja kuwa Jaji wa Mahakama Kuu. Septemba mwaka huohuo Jaji Kiongozi Eliezer Feleshi aliondolewa kwenye mahakama na kuwa Mwanasheria Mkuu. Mtu akitoka leo kuendesha mashtaka kwa niaba ya Serikali, anapaswa kukaa pembeni miaka kadhaa kabla ya kuhukumu kesi za Serikali hiyo.

Jirani zetu wa Kenya hutajwa kila mara kama dawa. Katiba yao ya 2010 inamtaka Rais awateue majaji waliopendekezwa na Tume yao baada ya usaili wa hadharani, na Jaji Mkuu apate pia kibali cha Bunge. Bado mwaka 2019 Rais Uhuru Kenyatta alipelekewa majina 41 akayakalia karibu miaka miwili. Juni 2021 aliteua 34 na kuwaacha sita; mmoja alikuwa amekwisha kufariki. Wawili kati ya walioachwa, George Odunga na Joel Ngugi, walikuwa kwenye jopo lililobatilisha mpango wake wa kurekebisha Katiba, BBI, wiki chache kabla. Walisubiri hadi Septemba 2022, alipokuja William Ruto. Wale wawili walihukumu kwa uhuru huku wakisubiri, na wakalipishwa. Usaili wa hadharani ulikuwepo, Tume yenye nguvu ilikuwepo, na tarehe ya mwisho ya Rais kusaini haikuandikwa waziwazi kwenye Katiba. Kusubiri kukapata pa kuingilia.

Kwa sababu hiyo sioni kuthibitishwa na Bunge kuwa jambo la kwanza kudai kwetu, ingawa wenzangu wengi wanalidai. Bunge ambalo tangu 2020 lina wabunge wachache mno wa upinzani wa kuchaguliwa litapitisha jina lolote litakaloletwa, na baada ya hapo mteule ataambiwa amethibitishwa na wawakilishi wa wananchi. Wala sipendi tuendelee kusubiri Katiba mpya, iliyokwama tangu kura ya maoni ya Aprili 2015 ilipoahirishwa.

Ningeanza na mambo ya tarehe. Jina la Jaji Mkuu mpya litangazwe angalau miezi mitatu kabla ya anayetoka kufikisha 65. Kukaimu kusizidi siku 60, na siku hizo zikipita bila uteuzi, Jaji wa Rufani aliyetumikia muda mrefu zaidi ashike kiti akiwa kamili. Nyongeza ya muda isimguse Jaji Mkuu. Mwanasheria Mkuu atoke kwenye kikao cha Tume kinapojadili majina ya majaji. Haya yanahitaji kura za theluthi mbili ya wabunge wote, na chama tawala kinazo. Kuna la tano ambalo halihitaji hata theluthi mbili hizo: Sheria ya Uendeshaji wa Mahakama ya 2011 inaweza kurekebishwa kwa kura za kawaida, ikaitaka Tume itangaze vigezo ilivyotumia na idadi ya majina iliyoyapeleka kwa Rais kila nafasi zinapojazwa.

Siku ya kustaafu kwa Jaji Mkuu aliyepo inajulikana tayari, kama zilivyojulikana za waliomtangulia. Muswada unaweza kuandikwa na kusomwa bungeni hapa Dodoma kabla haijafika, na tutajua kama umeandikwa kwa kuhesabu siku tu, bila kumuuliza mtu yeyote nani kapiga simu.